Bega la Mbuzi Ambalo Sikulikata

Wambui mama,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: una mafua, umekataa tangawizi, na umeenda kwa akina Chebet kuaga ukiwa umevaa sweta yangu. Mimi sijambo. Ni saa kumi na nusu, mvua imenyesha ikakatika, na nimekaa kwenye meza ya jikoni kwa sababu sebuleni kumejaa mizigo yako. Nikikusikia getini nitaficha karatasi hizi. Kesho nitazitia ndani ya gambuti lako la mpira la kulia, ambalo najua hutalivaa mpaka Jumatatu asubuhi ukienda kazini.

Mambo ya godoro, jiko la gesi na mwenye nyumba tumeyamaliza. Ya Mungu mchungaji atayasema kesho asubuhi, na unamjua, haachi kitu. Mimi nataka kukuambia habari ya Ekiru.

Uliporudi kutoka kuripoti kazini Bungoma wiki mbili zilizopita, ulinieleza jinsi kichinjio chenu kilivyo, sakafu yake, maji yake, daktari wa mifugo anayekuja amechelewa. Ukasema wachunaji wana mzee wao, Mturkana mrefu, ambaye alikutazama sana usoni kisha akakuuliza mama yako ni nani. Ukamtajia jina langu kwa fahari, ukaongeza kwamba nimekagua nyama Kitale miaka ishirini na saba. Akasema, "Msalimie." Ulinipa salamu hiyo huku unacheka, ukaniuliza, "Si ni yule wa bega?" Mimi nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikakujibu kwamba sijui, akina Ekiru ni wengi. Nilijua ni yeye tangu uliposema amekutazama usoni, maana una uso wangu.

Hadithi ya bega la Ekiru unaijua. Kila Krismasi lazima itolewe, na wewe ndiye unayeisimulia vizuri kuliko sote. Unaigiza jinsi shangazi ya bwana harusi alivyofunika pua mpaka anti yako Nyokabi, ambaye ndiye aliyeaibika siku hiyo, anajishika mbavu. Katika hadithi hiyo kuna mchunaji mzembe kutoka mtaa wa mabanda wa Kipsongo aliyeona mbuzi mbovu akaficha. Mimi hukaa pale pembeni na chai yangu, nikicheka na wengine. Nimecheka Krismasi kumi na nne.

Sasa nitakuandikia ilivyokuwa, na nitaiandika kama ripoti, nikieleza hata yale unayoyajua. Nimezoea hivyo.

Nilipoanza kazi Kitale nilikuwa na cheti, koti jeupe, na kisu kipya ambacho hakikuwa na makali. Wenye bucha hawakufurahia kuletewa mwanamke. Walikuwa wanasogeza nyama kabla sijaigusa, wanauliza kama nimemaliza kabla sijaanza. Ekiru alikuwa mchunaji tu, analipwa kwa kichwa cha mnyama, lakini alikuwa ameshika nyama tangu ujana wake kule kaskazini na mikono yake ilikuwa inajua. Siku ya tatu alinichukulia kisu bila kuniomba, akakinoa, akanirudishia. Wiki iliyofuata aliniambia nisiwe naangalia kwanza. "Madam, shika. Jicho inadanganywa na mafuta. Kidole haidanganywi." Alinionyesha tezi zote kwa vidole: ya chini ya taya, ya mapafu, ya mbele ya bega, ya paja. Chuoni nilikuwa nimezichora kwenye daftari na kuzipaka rangi. Kuzitafuta ndani ya mnyama aliye moto bado, nilifundishwa na yeye.

Alikuwa na hulka ya kunionyesha jambo bila kunipayukia. Akiona ini lenye minyoo alikuwa analigeuza tu upande ulioharibika uwe juu, anaendelea na kazi yake. Mbele ya wenye bucha ilionekana mimi ndiye niliyegundua. Hivyo ndivyo nilivyopata jina kwamba nina jicho kali. Usifikiri nasema hivi kwa unyenyekevu, ndivyo ilivyokuwa.

Basi Nyokabi akaposwa, na ikafika siku ya ngurario, siku ambayo ndoa hukamilishwa kwa desturi yetu. Watu wa bwana harusi huja na mbuzi, wanachinjwa kwetu, na bega moja huchomwa zima. Bwana harusi hulikata mbele ya watu wote na kumlisha bibi harusi kipande kwa mkono wake. Akishalikata, hakuna anayeuliza tena huyu ni mke wa nani. Bega hilo haliwezi kuja mezani likiwa limeshatiwa kisu. Likija limekatwa, wazee watauliza nani aliyeanza kulikata, na utakuwa umewapa maneno ya mwaka mzima.

Mbuzi walikuwa wanne. Nyumbani walisema mkaguzi ni mtoto wa hapa, basi tusitafute mwingine. Nami nikasema mchunaji mzuri kuliko wote ni Ekiru, nikamwita, akaja na visu vyake vimefungwa kwa gunia safi. Wazee wa upande wa bwana harusi hawakupenda. Aliyeongea kwa niaba yao alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee Kamande, ambaye alikuwa pia na bucha mbili mjini, tena alikuwa mtu mkubwa kati ya wenye bucha wa kichinjio chetu. Alisema kuchinja watachinja wao, huyu achune tu. Tukakubaliana.

Mbuzi wa kwanza, wa pili, safi. Kwa wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa amechaguliwa kutoa bega kwa sababu alikuwa mkubwa na mnene, Ekiru alisimama. Akaniita kwa kidevu. Wewe ulikuwa na miaka minane, ulikuwa unakimbizana na wenzako kule nyuma kwenye mahindi, hukuona.

Akasema kwa sauti ya chini, "Hapa mbele ya bega kuna kitu ngumu. Kata uone."

Nikaweka kidole. Wambui, hapa ndipo hadithi ya Krismasi inapoishia na ukweli unapoanza, kwa hiyo soma polepole. Niliishika. Ilikuwa saizi ya limau, ngumu, inateleza chini ya kidole. Nilijua ni nini. Ni ule ugonjwa wa majipu ya tezi ambao mbuzi huupata, na kwa kawaida ni kazi ya dakika kumi: unafungua tezi, unaona usaha, unaondoa sehemu ile na iliyo karibu nayo, unatazama mwili wote, unachukua bega la mbuzi mwingine. Kulikuwa na mbuzi watatu wengine. Hakuna ambaye angelala njaa.

Nilitoa kisu. Mzee Kamande alikuwa amesimama na fimbo yake karibu na moto. Akaniuliza, wala hakuwa mkali, alikuwa anatabasamu: "Sasa mama, hii bega inakatwa na wewe ama inakatwa na kijana wetu?" Wazee wakacheka. Baba yangu naye akacheka kidogo, kuwafurahisha wageni. Na mimi, niliyekuwa nimewakatalia wenye bucha ng'ombe wazima bila kupepesa jicho, nikaona haya. Kichinjioni nilikuwa ofisa. Pale uani nilikuwa dada ya bibi harusi, nimevaa leso juu ya koti langu jeupe, na nilitaka siku ya dada yangu ipite vizuri. Nilitaka pia kupendwa. Nakuambia hili la mwisho kwa sababu ndilo lililonishinda, na sikulijua mpaka nilipokuwa nimezeeka kidogo.

Nikarudisha kisu alani. Ekiru akanitazama. Akasema tena, "Madam, kata." Nikamwambia, "Wacha. Hiyo inaenda nzima."

Yaliyobaki huwa unayaigiza wewe. Bega lilichomwa, likaletwa kwenye sinia na majani. Bwana harusi akalikata pale pale mbele. Usaha ule haukuwa wa kumwagika, ulikuwa umekauka, wa kijani na mweupe, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na harufu yake ikatoka yote kwa pamoja. Kitu ambacho hukiigizi, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuambia, ni kwamba Nyokabi alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa amefumba macho na kufungua mdomo, anangoja kulishwa. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko watu wote waliokuwa pale, kwa sababu hakuwa anaona.

Hakuna aliyeugua. Mbuzi mwingine akatolewa bega, likakatwa, ndoa ikawa ndoa, na leo wana watoto watatu na gari. Lakini siku hiyo shangazi ya bwana harusi alisema ndoa imeanza na usaha, na ilibidi atafutwe wa kulaumiwa kabla wageni hawajapanda magari. Mzee Kamande alikuwa wa kwanza kusema, "Si ni huyu Mturkana mlileta?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Sikusema ndiyo wala siyo. Nilijitia hamnazo, nikaenda kukusanya vikombe.

Ningeweza kusema ilikuwa haraka ya siku ile. Lakini Jumanne niliitwa ofisini kwa msimamizi. Walikuwa watu wanne: msimamizi, mzee Kamande kwa niaba ya wenye bucha, Ekiru, na mimi. Nilikuwa nimebakiza wiki chache nikabidhiwe kichinjio kizima, na kila mtu alijua. Msimamizi aliniuliza swali moja tu: je, mchunaji alikuonyesha hiyo tezi?

Nikasema, "Hakunionyesha."

Nilisema vizuri, bila kigugumizi. Ekiru alikuwa ameshika kofia yake. Msimamizi akamuuliza ana la kusema. Akanitazama mimi, siyo yule msimamizi, akasema, "Sawa, madam." Akatoka, akaosha gambuti zake pale kwenye mfereji, akafunga visu vyake, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna mwenye bucha aliyempa mnyama Kitale. Mimi nilikabidhiwa kichinjio mwezi uliofuata.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakubishana. Zamani nilikuwa najidanganya kwamba alinisamehe pale pale. Siku hizi naona alipima tu, kama alivyopima kila kitu. Mturkana wa Kipsongo anayelipwa kwa kichwa, na ofisa mwenye muhuri: angeaminiwa nani?

Kuna jambo lingine na hili linakuhusu. Baada ya kama mwezi mmoja mke wake alikuja nyumbani, mwanamke mwembamba aliyekuwa anauza kuni. Nilimwona kwa dirisha. Nilijua anachotaka, barua tu, ya kusema mume wake anajua kazi, ili ajaribu kwingine. Nikakutuma mlangoni umwambie nimesafiri. Ulienda ukamwambia, ukarudi, ukaniuliza kama umesema vizuri. Nikakupa andazi. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kwamba hukucheka wala hukuyumba, na nikawaza, huyu mtoto ni hodari. Nilikuwa nimekufundisha uongo wangu na kukusifu kwa kuujua.

Ekiru alienda Misikhu. Alikuwa anachuna mbuzi siku za soko. Nilimwona huko mara moja nilipokuwa nimetumwa kazi ya ofisi Webuye. Alikuwa amechuchumaa, anakwangua ngozi, nywele zimeanza mvi. Nilisimama kwenye vitunguu kwa muda mrefu, mwenye vitunguu akaniuliza kama nanunua au nakagua. Nikanunua vitunguu nisivyovihitaji nikaenda zangu. Nilimwogopa. Mtu aliyechuchumaa na kisu kidogo cha ngozi, nami nina kitambulisho cha serikali shingoni, nikamwogopa.

Tangu siku ile nimekata kila bega. Sheria hainitaki nikate yote, mengine ni ya kupapasa tu, lakini mimi nakata, kushoto na kulia, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Wenye bucha wamelalamika kwamba naharibu nyama. Wameniita Mama Bega miaka yote hii, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya mabega yangu mapana. Ofisi ilinipa cheti kwa bidii hiyo. Kiko pale ukutani, sebuleni, juu ya televisheni. Nimekitazama kila nikisikiliza habari. Kukata mabega elfu hakujamrudishia Ekiru hata mnyama mmoja, hilo nimelijua muda mrefu, ila kukata ni rahisi kuliko kusema.

Wewe unaanza Jumatatu. Utasimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, na yeye atasimama upande wake. Atakugeuzia ini upande ulioharibika, nina hakika, kwa sababu ndivyo alivyo. Na wewe utakuwa unamtazama kama yule wa bega. Huenda mkinywa chai utawasimulia wenzako, maana ni hadithi ya kuchekesha na unaijua kusimulia. Yeye atasikiliza. Hatasema neno. Hilo ndilo lililonikosesha raha wiki mbili hizi.

Kwanza nilitaka kukupa wewe ujumbe. Niliuandika hata, mistari sita, umpe akiwa peke yake, umwambie mama anasema pole. Nikausoma. Nikaona nakutuma mlangoni tena. Nikauchoma kwenye jiko.

Halafu nikafikiria ninyamaze. Nimebakiza miezi minne nistaafu, yule msimamizi alishafariki, mzee Kamande hasikii vizuri tena, na Nyokabi mwenyewe anacheka. Ningekuambia tu usisimulie hadithi ile kazini, ungenitii, na mambo yangeisha. Ningekuwa nimeficha mbuzi huyo mara ya tatu. Nilikaa na wazo hilo siku tatu, na lilikuwa wazo tamu, sikudanganyi.

Nilichofanya ni hiki. Jana niliandika barua kwa ofisi ya mifugo hapa Kitale, ukurasa mmoja na nusu, kwamba mchunaji alinionyesha tezi, kwamba niliishika, kwamba nilikana. Nimetia sahihi na kuipeleka mwenyewe, na karani akaigonga muhuri wa kupokelewa bila kuisoma. Wakiisoma wataniita. Sijui watafanya nini na mkaguzi aliyesema uongo miaka kumi na minne iliyopita. Inawezekana wataniacha nimalize, inawezekana watanitoa mapema, na jina letu litazungumzwa kwenye vichinjio vyote viwili, chako na changu. Naomba radhi kwa hilo, kwa sababu ni wewe unayeanza nalo. Utaulizwa kama wewe ni mtoto wa yule. Sema ndiyo.

Nyokabi nimemwambia kwa simu leo mchana, ulipokuwa unakunja nguo. Akaniuliza, "Uliishika kabisa, kwa mkono?" Nikasema ndiyo. Akakata simu. Hajapiga tena na sidhani atakuja kukuaga kesho; ukimkosa, sababu ndiyo hii.

Sikupi mawaidha, una akili kunizidi na makali ya ujana. Ila siku utakayotaka kupendwa na watu waliosimama karibu na moto, na itafika, ujue tu kwamba mimi nilikuwa na kisu mkononi na mbuzi watatu wengine, na bado.

Kichinjio chenu hufungua saa kumi na mbili. Wachunaji hukusanyika pale nje kabla ya ng'ombe wa kwanza, wewe ndiye uliyeniambia. Jumatatu nitakuwa nimesimama getini saa hiyo. Nilimnyima jina lake mbele ya watu, na nitamwomba radhi mbele ya watu, wale anaofanya nao kazi. Akitaka kunisikiliza, vyema. Akinigeuzia mgongo, ni haki yake, usimchukie, na usimbembeleze kwa ajili yangu. Usije kusimama karibu nami. Usinibebee mkoba, usinipe kiti, usimwambie mtu yeyote kwamba nimetoka mbali. Vaa koti lako, noa kisu chako, na ng'ombe akiingia, ingia naye.

Nakupenda, Wambui, na nitakuja kukutembelea siku nyingine, nikuletee viazi na lile blanketi lililokataa kuingia kwenye mizigo. Lakini Jumatatu sitakuja kukuona wewe.

Mama yako,
Wanjiru